Upepo wa Kushoto

Jumanne, 8 Septemba

Meli imeondoka saa nne asubuhi na mdogo wangu yumo ndani. Nimenunua daftari hili nikirudi kutoka bandarini, kwa sababu nina jambo ambalo siwezi kumwambia mtu, na nimeona nikiendelea kulibeba peke yangu litanipasua kifua.

Niliandike lilivyo. Kazi yangu ni vipima upepo. Kampuni yetu inafunga matanga ya chuma kwenye meli za mizigo ili zisile mafuta mengi. Ni mabawa manne yaliyosimama juu ya sitaha, kila moja refu kama ghorofa nane. Sisi mafundi tunayaita makabati. Kabati halina akili. Linageukia kule kompyuta inakoliambia, na kompyuta inajua upepo unakotoka kwa kuuliza kidude kimoja kisichozidi kopo la maziwa, kilichofungwa juu kabisa ya mlingoti wa mbele. Kidude hicho kikisema uongo, meli nzima inauamini.

Ndiyo maana tuna sheria ya jicho la pili. Fundi wa kwanza anapanda, anafunga kipima, anapaka doa jekundu kwenye nati, anashuka. Fundi wa pili naye anapanda na kukipepea kipima kwa kipande cha boksi, kwanza kushoto, halafu kulia, huku mwenzake akiwa chumba cha usukani anasoma kioo cha kompyuta na kujibu kwa redio. Kushoto? Kushoto. Kulia? Kulia. Wakikubaliana, wa pili anapaka doa jeupe, anashuka, anatia sahihi. Wapakuzi wa mizigo hutucheka, watu wazima na akili zetu kupepea chuma kama tunawasha jiko.

Kwenye meli hii jicho la pili nilikuwa mimi, na sikupanda. Tangu mwaka juzi nilipoteleza nikaning'inia kwa mkanda dakika ishirini, magoti yangu hayanisikii tena. Siku ya kuikagua meli hii nilifika kipago cha sita cha ngazi ya mlingoti, nikashuka. Koleo, fundi wa kwanza, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii, alinitazama jasho linavyonitoka akasema, "Andika tu, binti. Nani atajua?" Nikatia sahihi.

Wiki moja baadaye mdogo wangu akaingia nyumbani anarukaruka na barua mkononi. Amepata kazi ya fundi umeme melini. Jina la meli ni lile lile.

Jumatano, 9 Septemba

Nimemwomba anitumie kila siku upepo unavyosomeka kwenye kioo. Amejibu: "Sawa, Dada Hali ya Hewa. Leo upepo ni wa usoni."

Alhamisi, 10 Septemba

Usoni.

Jumamosi, 12 Septemba

Ninaishi na wifi yangu, mke wa huyu mdogo wangu. Anashona sare za shule pale sebuleni na cherehani yake haipumziki mpaka jua lizame. Leo jirani alikuja kupimwa sketi ya binti yake, akamwuliza kama haogopi mume kuwa baharini na vyuma virefu vile vinavyojigeuza vyenyewe.

"Nimwogope nani?" wifi akasema, pini mdomoni. "Waliovikagua ni hawa hapa. Wifi yangu mwenyewe kapanda juu kule, kahakikisha. Mimi nalala fofofo."

Jirani akanigeukia. "Ama kweli wewe mwanamke wa shoka! Huogopi juu?"

"Mtu anazoea," nikasema.

Nikaenda bafuni nikafungua bomba, nikakaa humo mpaka jirani alipoondoka.

Jumanne, 15 Septemba

Usoni. Siku saba usoni. Wao wanafurahi kwamba safari imetulia. Mimi najua upepo wa usoni haukamati uongo wa kushoto na kulia.

Chakula cha mchana nilikaa na Koleo nyuma ya stoo. Nikamwuliza kama mtu anayepiga soga tu, kile kipima cha mlingoti wa mbele alikifungaje.

"Kichwa chini," akasema. "Mchoro ndivyo ulivyotaka. Ile ringi ya kukinga ndege wasitue haikuacha nafasi ya kukisimamisha."

Kijiko changu kikasimama. Kipima kikining'inizwa kichwa chini, kushoto kwake kunakuwa kulia. Si kosa, mradi ukiambie. Unachomeka palepale juu waya wa kompyuta yetu ya karakana, ambayo melini haipo, na kukibadilishia mpangilio, kazi ya dakika mbili.

"Ukakibadilisha?"

Alitafuna kwa muda. Koleo ni mtu wa majibu ya papo kwa papo, anaweza kukuambia nati ya mwaka gani ilikuwa na uzi wa aina gani. Leo alitafuna.

"Nadhani," akasema.

Jumatano, 16 Septemba

Nadhani.

Ijumaa, 18 Septemba

Usoni. Mdogo wangu anasema mpishi wa meli anakoroma mpaka vikombe vinacheza. Nimecheka peke yangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, halafu kicheko kikageuka kilio na nikashindwa kukizuia. Mhasibu aliingia, akadhani nimefiwa.

Jumatatu, 21 Septemba

Nijieleze mwenyewe hapa ninachokiogopa, labda nikikiandika kitapungua.

Upepo ukizidi, kompyuta inayaamuru makabati yalegee. Kulegea ni kuugeuzia upepo ukingo, kama mlango uliouacha wazi kabisa, upepo unapita pembeni yake bila kuugusa. Sasa chukua upepo mkali unaotoka kushoto mbele. Kipima kinasema kulia mbele. Makabati yanageuka kulegea kwa upepo wa kulia ambao haupo, na ule wa kweli unayakuta yamejipanua mbele yake, kifua wazi, yote manne, saa ileile ambayo yalitakiwa yasionekane. Meli inalala ubavu. Yenye shehena nzito chini inaweza kuinuka tena. Hii imebeba makontena mpaka juu.

Kuna kipima kingine juu ya chumba cha usukani, lakini kiko nyuma ya makabati na upepo unakifikia umeshavurugika, kwa hiyo tuliifundisha kompyuta isikisikilize. Tuliifundisha sisi. Nilikuwepo, nilipiga makofi ilipokubali.

Hakijapungua.

Alhamisi, 24 Septemba

Usoni, anasema, lakini umeanza kusogea. Ramani ya hali ya hewa imeanza kuwa na rangi ya zambarau upande wa kusini. Huu ndio msimu wake.

Jumanne, 29 Septemba

Leo saa tatu asubuhi ameandika: "Hali ya Hewa, habari mpya! Upepo umehama, wa kulia, mdogo tu."

Nilikosea herufi mara tatu. Nikamwandikia: "Toka nje uangalie moshi wa dohani. Unakwenda upande gani?"

"Moshi? Dada una nini?"

"Angalia tu."

Dakika saba. Nilizihesabu kwa saa ya ukutani, nimesimama, kiti kiko nyuma yangu.

"Unakwenda kulia," akajibu. "Kwa nini?"

Upepo unaotoka kulia hausukumi moshi kulia. Nilikaa chini. Kwa wiki tatu nilikuwa naogopa jambo ambalo huenda halipo, na nilidhani hiyo ndiyo hofu. Kumbe ile ilikuwa matumaini.

"Basi tu," nikamjibu. "Nilikuwa nakujaribu kama unajua kazi."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mtoto wa mama yangu.

Jumatano, 30 Septemba

Sikusema leo. Meneja alikuwa na wageni.

Alhamisi, 1 Oktoba

Sikusema leo pia. Leo hakuwa na wageni.

Nilimwendea Koleo kwanza. Nilimwambia habari ya moshi. Akafunga mlango wa stoo, akaegemea rafu, na kwa mara ya kwanza nikamwona mzee. Miaka yote nimemwona mrefu.

"Nimebakiza miezi mitatu nistaafu," akasema. "Upepo mdogo hauna madhara. Wakifika bandari ya mbele nitaomba safari, napanda, nakirekebisha, yameisha. Wala hutohitaji kutajwa."

"Watafika Jumanne. Dhoruba inawakuta Jumapili."

"Dhoruba hupinda njia."

"Na isipopinda?"

"Binti, ukinitaja mimi umejitaja mwenyewe. Sahihi ya jicho la pili ni ya nani?"

Nilimchukia pale. Nilitoka nikipanga maneno ya kumtukana, na nilipofika getini nikatambua kwamba kila neno nililompangia lilikuwa linanifaa mimi vilevile. Alinitegemea nikague, nami nikamtegemea hakukosea. Kila mmoja alimwachia mwenzake, na mdogo wangu akapanda meli iliyoachwa katikati yetu.

Wifi ananiuliza mbona sili. Nimemwambia ni jino.

Ijumaa, 2 Oktoba

Zambarau imekuwa nyeusi katikati. Haikupinda.

Jumamosi, 3 Oktoba

Nimesema.

Nilimkuta meneja amesimama mbele ya ramani, kalamu sikioni. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuzunguka, kwamba huenda pengine ipo haja ya kuhakiki. Yalinipotea yote. Nikasema, "Kipima cha mlingoti wa mbele kinasoma kinyume. Mimi nilitia sahihi na sikupanda."

Aliitoa kalamu sikioni polepole. "Rudia."

Nikarudia. Mara ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu unajisikia ukisema.

Hakunipigia kelele. Heri angenipigia. Aliuliza, "Ni meli hii tu?"

"Ni hii tu."

"Umeniangalia usoni ukasema ni hii tu?"

"Ni hii tu, bosi."

Mlango ukafunguliwa, Koleo akaingia kofia mkononi. Sikumwita. Akasema, "Aliyekitundika kichwa chini ni mimi. Msimbebeshe mtoto wa watu peke yake." Halafu akakaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa, kana kwamba miguu imemwishia.

Wakampata nahodha kwa simu ya setilaiti, tukawa wote mezani tunamsikiliza. Sauti yake inakwenda na kurudi. Hakupoteza muda kutulaumu. Aliipindisha meli kidogo mpaka upepo ukaipiga shavu la kushoto, akasoma kioo, akasema, "Kioo kinasema kulia." Tukasikia chuma kinalia kwake.

"Yazime makabati," meneja akasema.

"Nikiyazima yanabaki yalivyo, na yalivyo sasa ni vibaya. Kuyageuza kwa mkono nahitaji watu sita sitahani, kabati moja baada ya jingine, saa nne au tano. Bahari imeshaanza kupanda sitahani. Nani hapo anakijua hiki kidude chenu? Kinaweza kugeuzwa kikae kichwa juu?"

Koleo akasogelea simu. "Ukiivunja ile ringi ya ndege, ndiyo. Nati nne. Mtu mmoja, nusu saa."

"Basi ni mtu mmoja," nahodha akasema. "Nitaupa upepo mgongo apate utulivu kidogo. Namtuma fundi umeme."

Nilisikia sauti ikisema hapana. Ilikuwa yangu. Meneja alinitazama, na nikaona anakumbuka fundi umeme wa meli ile ni nani kwangu, maana mimi ndiye niliyemwombea nafasi ya usaili.

Mlingoti ule una vipago arobaini na viwili. Mimi nilikomea cha sita, meli ikiwa imefungwa kamba, bahari kama sahani.

Nahodha aliiweka redio karibu na simu, kwa hiyo tulimsikia mdogo wangu akipanda. Kwanza alikuwa anatania: "Huku juu kuna hewa safi, wapi mpishi aje akorome huku." Halafu akaacha kutania, ikabaki pumzi tu. Kila meli ilipolala pumzi ilikatika, na ilipoinuka ikarudi. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Mhasibu aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nahesabu vipago kwa sauti.

Nilipofika arobaini na mbili akasema, "Nimefika."

Koleo akamwelekeza ringi ivunjweje. Tukasikia nyundo. Tukasikia kitu kikianguka na nahodha akasema ni ringi. Nati ya kwanza. Ya pili. Kati ya ya pili na ya tatu alipiga ukelele, mfupi, halafu akatukana tusi ambalo lingemfanya mama yetu amwoshe mdomo kwa sabuni, na nikashukuru Mungu kwa lile tusi.

"Vidole," akasema. "Endeleeni kunielekeza, naendelea."

Nati ya tatu. Halafu sauti yake ikabadilika.

"Naona doa jekundu kwenye nati. Jeupe silioni. Jicho la pili si alikuwa dada yangu?"

Koleo aliangalia kofia yake. Meneja alinyoosha mkono kuelekea simu, nikamzuia.

"Ni mimi," nikasema. "Ni dada yako."

Nikasikia spana yake ikianza kuzunguka tena. Kisha: "Nati ya nne imetoka. Nakigeuza."

Hakuniita tena. Alimaliza, akashuka, nahodha akapindisha meli, akasoma kioo, akasema kushoto ni kushoto. Simu ikakatika tukiwa bado tumeinama juu yake.

Nilimwambia wifi mwenyewe, kabla hajaambiwa na ofisi. Cherehani ilisimama. Alisikiliza mpaka mwisho, sketi ya mtu mapajani, akasema, "Nilikuwa nalala kwa kukuamini wewe." Akaingia chumbani akafunga.

Jumapili, 4 Oktoba

Hakuna habari. Kwenye ramani meli ni nukta, na nukta imeingia kwenye weusi saa tano asubuhi.

Jumatatu, 5 Oktoba

Hakuna habari. Nukta haijasogea tangu jana. Meneja anasema ni mitambo ya setilaiti, hushindwa dhoruba ikiwa kubwa. Anasema hivyo kila nusu saa na hakuna anayemwuliza. Nimesimamishwa kazi lakini nimeachwa nikae kwenye benchi la mapokezi, maana huko ndiko habari itakakoanzia.

Wifi hasemi na mimi. Lakini alipika, akaweka sahani mbili. "Usidhani nimekusamehe," akasema. "Sijui kupika kwa mtu mmoja." Haikuwa na chumvi. Nililia nikila, yeye akaangalia dirishani.

Jumanne, 6 Oktoba

Wapo hai! Wote ishirini na wawili. Nukta imetokea saa moja asubuhi upande wa pili wa weusi.

Nahodha ameandika kwamba Jumapili mchana upepo ulitoka kushoto na kuzidi kipimo, makabati yakalegea kama yalivyotakiwa, meli ikalala kidogo na kuinuka. Kabati la tatu limepata ufa kwenye shina. Fundi umeme amepondeka vidole viwili vya mkono wa kulia, kimoja huenda kikakatwa. Meneja alisoma kwa sauti, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Koleo alikwenda kusimama nje ukutani.

Nilikimbia nyumbani kwa miguu. Wifi alikuwa ameshaipata simu ya mumewe, anacheka na kulia, anamwambia mambo ambayo si ya kuandikwa. Nikasimama mlangoni. Baada ya muda akaniona, uso ukamgeuka, lakini akaniletea simu. "Anakutaka."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa pia, nakiri, kwa msamaha, kwani huyu ndiye niliyembeba mgongoni, hajawahi kuninunia zaidi ya siku moja.

"Dada," akasema. Sauti imekauka.

"Nipo. Nisamehe, mdogo wangu. Nisa..."

"Subiri. Nimelala hapa siku mbili nawaza jambo moja. Uliteleza mwaka juzi. Tangu mwaka juzi umetia sahihi meli ngapi?"

Wifi alikuwa amesimama mbele yangu, ananiangalia mdomo.

Nilitaka kusema ni hii tu. Neno lilikuwa tayari, nilishalisema Jumamosi na lilipita. Mdogo wangu alisubiri. Nilisikia pumzi yake, ileile ya juu ya mlingoti.

"Tano," nikasema.

"Hii ikiwemo?"

"Bila hii."

Wifi aliketi polepole kwenye kiti cha cherehani, akaweka mkono mdomoni.

"Ziko wapi?" mdogo wangu akauliza.

"Baharini. Mbili ziko njia ya kusini, msimu huuhuu."

"Na hizo zina mafundi umeme," akasema. Halafu akakata simu.

Sijawahi kuiandika idadi hiyo popote, hata humu. Nimeyaandika sasa majina ya meli zote tano kwenye karatasi, na tarehe nilizotia sahihi. Ni saa tano na nusu asubuhi. Meneja bado yuko ofisini. Wifi amesimama mlangoni, kikoba begani, anasema twende wote, maana mimi akiniacha peke yangu naweza kuishia njiani.